Bahasha Zangu Saba Zinaisha Mapema, na Ninamshuku Wifi Yangu

Mshauri wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyeniamsha salama. Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo nyuma ya mlango wa stoo, mahali ambapo wifi yangu hawezi kuniona, na ninaomba uniokoe kabla sijasema mbele za watu neno ambalo sitaweza kulirudisha mdomoni, maana Jumapili ijayo baada ya ibada nimeita kikao cha ukoo hapa nyumbani na ajenda ni moja tu, wifi yangu ahame, na mimi ndiye nitakayesoma ushahidi.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na minane, nashona mapazia hapa hapa nyumbani, shule niliishia darasa la saba lakini hesabu za nyumba yangu hazijawahi kunipotea. Mume wangu ni mkata sponji katika kiwanda cha magodoro, huu mwaka wa kumi na tisa, na tunakaa nyumba za kiwanda, mbali na kiwanda chenyewe, kodi wanaikata wenyewe kwenye mshahara, siku atakayostaafu tunatoka na vyombo vyetu. Tuna binti mmoja, yuko sekondari. Na yupo huyo wifi, dada mkubwa wa mume wangu, aliyekuja miaka minne iliyopita na begi moja baada ya ndoa yake kuvunjika, anafagia na kupiga deki kwenye zahanati.

Sasa mshauri nisikilize vizuri. Miaka kumi na moja iliyopita kanisani kwetu ilifanyika semina ya wanandoa kuhusu fedha, mwalimu akampa kila mke na mume bahasha saba za khaki, tukaandika juu yake kwa kalamu nyekundu, chakula, shule, maji na umeme, nauli, matibabu, sadaka, na ya mwisho uzee, kila moja na kiasi chake cha mwezi, kisha tukasimama wawili wawili tukaziinua juu na zikaombewa, mume wangu alilia siku ile, mimi pia nililia, na tangu siku hiyo sijabadilisha namba hata moja. Bahasha ikichakaa nanunua nyingine na kunakili namba ile ile, maana nitawezaje kugusa kitu kilichoombewa? Mshahara wa mume wangu umeongezwa mara tatu katika miaka hiyo na kila nyongeza imekwenda kwenye bahasha ya uzee, kwa kuwa zile nyingine tayari zilikuwa na kiasi chake, na hiyo ya uzee haiguswi, hata binti yetu alipolazwa haikuguswa, niliuza cherehani yangu ya pili. Iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, noti zote zipo, nimezihesabu Jumamosi.

Kinachonitesa ni bahasha ya chakula. Mwanzoni ilifika mwisho wa mwezi na ikabaki ya sabuni. Kisha ikawa inaishia tarehe ishirini na saba, nikasema tumekula sana. Ikaja ishirini na nne. Sasa mshauri inaisha tarehe kumi na tisa! Siku zinazobaki naishi kwa mapazia, na mapazia yenyewe wateja wameadimika, wananunua yaliyoshonwa tayari, wakati mimi bei yangu sijapandisha mwaka wa nane huu ili wasinikimbie. Nikajiuliza, nani aliingia nyumba hii na mambo yakaharibika? Jibu nikaliona linapita koridoni na ndoo ya deki.

Sikumtuhumu hivi hivi, mimi ni mtu wa sala. Nilianza na mwenye duka, tunamwita Mzani kwa sababu haachi kuapa kwa mzani wake. Niliazima mzani wa muuza nyanya nikaenda nao dukani nikaupima mfuko wa unga mbele ya wateja.

Akaniangalia, akasema, "Mama, hata ungeleta mzani wa uwanja wa ndege. Soma hapo chini ya picha."

Nikasoma. Uzito umeandikwa pungufu ya ule wa zamani, kwa herufi ndogo kama miguu ya siafu. Nikamwuliza, "Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Bei ilikaa pale pale, mfuko ukanywea. Mimi nauza nilicholetewa. Na leo hiyo bei nayo haijakaa, ulikuwa hujaona?"

Nikaondoka nikijua amepatana na kiwanda cha unga. Wiki hiyo hiyo nikaenda kwa dalali wa viwanja, maana kwenye bahasha ya uzee tumefikisha ile bei ya kiwanja aliyotutajia miaka kumi iliyopita, na nikamwambia tumekamilisha. Dalali akacheka hadi akavua miwani.

"Mama yangu, kwa pesa hii nakuuzia njia ya kwenda kwenye kiwanja. Kiwanja chenyewe utakuwa unakitazama."

Naye nikamwandika tapeli. Lakini mwenye duka na dalali wako nje, mshauri, anayefungua kabati langu yuko ndani. Kwa hiyo nikanunua daftari. Nikaweka alama ya penseli kwenye chupa ya mafuta, nyuma ya karatasi ya nembo ambapo hakuna anayetazama. Sukari nikaipima kwa njiti ya kiberiti. Mfuko wa unga nikaufunga fundo la mapazia ambalo mtu asiye fundi hawezi kulirudia. Kila asubuhi kabla ya sala naandika.

Na hapa ndipo damu yangu iliposimama. Jumanne mafuta yalikuwa chini ya alama, sawa, tulipika. Alhamisi asubuhi yakawa JUU ya alama! Wiki iliyofuata sukari ikapanda kwenye njiti. Fundo la unga nikalikuta limefungwa kishamba na mfuko mzito kuliko nilivyouacha. Mshauri, mimi nimezaliwa jana? Mtu akiiba mafuta halafu yakaongezeka, ameongeza nini humo? Maji? Dawa ya mganga? Siku tatu sikupikia mafuta yale, niliyawekea mikono nikayaombea, na tarehe za mafuta kupanda nimeziandika zote, ziko tisa.

Nikamtega kwa maneno tukiwa tunachambua mchele. Nikasema, "Wifi, nyumba hii ina panya anayejua kufungua kabati."

Hakuinua uso. Akasema, "Mwache, wifi. Panya wa siku hizi ana aibu zake, usimvizie, anaweza kufa kwa mshtuko."

Nikasema moyoni, huyu amekiri.

Halafu anakula kidogo kama ndege. Binti yangu aliniambia, "Mama, shangazi hali. Anapakua, halafu ukienda kuchukua maji anarudisha kwenye sufuria." Nikamjibu, anayeshiba zahanati kwa vitu vya kwangu atakula nini hapa? Na mshahara wake unaenda wapi? Hana kanga mpya, simu yake imefungwa raba. Siku aliyofika aliweka nusu ya mshahara wake mezani, mume wangu akaurudisha kwa kidole, akasema, "Dada, ukinilipa chakula nyumbani kwangu umenivua nguo mbele ya mke wangu." Akazichukua pesa zake na hajazitaja tena hadi leo. Nimewaza kuna mwanaume anayempelekea hizo pesa. Mungu anisamehe kama si kweli, lakini nimewaza.

Nilipomwambia mume wangu habari ya kikao alikuwa anavua viatu, siku hizi nauli inatosha kwenda tu, kurudi anatembea, anasema ni mazoezi. Akaniuliza, "Una uhakika, mama? Yule ndiye aliyenibeba mgongoni." Nikamwambia, "Baba, hesabu haina undugu." Akavua kiatu cha pili. Tangu hapo hajanena nami zaidi ya salamu, na wifi tuliyekuwa tunaimba naye jikoni sasa anapita kwa upande upande kama amekosea nyumba.

Naomba unijibu gazeti la Ijumaa, kikao ni Jumapili. Nianze kusoma daftari ukurasa wa kwanza, au nitangulize hii ya mafuta kupanda, maana ndiyo nzito?

Ni mimi,
Mama wa Bahasha Saba

*

Mama wa Bahasha Saba,

Toka nyuma ya huo mlango, kaa kwenye kiti, tuongee.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilimshuku wifi yako pamoja nawe. Ya pili nilikushuku wewe. Ya tatu nilichukua kalamu nikaanza kupiga mistari, na karibu kila mstari niliopiga ulikuwa unamtetea yule unayetaka kumfukuza, tena kwa mwandiko wako mwenyewe.

Hebu nijibu hili kwanza. Mumeo anarudi nyumbani kutoka kazini kwa miguu kwa sababu bahasha ya nauli haitoshi. Hiyo nayo anaiba wifi? Anaifuata mfukoni mwa kaka yake mpaka kiwandani? Na dalali aliyevua miwani, wifi ndiye aliyempandishia kiwanja bei? Wewe umeona mwizi mmoja mwenye mikono sita. Mimi naona namba ulizoandika miaka kumi na moja iliyopita ukakataa kuzigusa.

Bei hupanda kidogo kidogo, mama, na kila mwaka hupanda kuanzia pale zilipofikia mwaka uliopita, hazianzi chini upya. Ndiyo maana hukuziona. Mwaka mmoja zilikunyang'anya siku tatu za mwisho wa mwezi ukasema mmekula sana, baadaye zikakunyang'anya tatu nyingine, na leo zimekula siku kumi na moja na wewe unatafuta alama za vidole kwenye kabati. Unga unaweza kushuka msimu wa mavuno, sawa, lakini maisha kwa jumla hayarudi kwenye bei za siku ile mliyolia semina. Usikae ukizisubiri. Mzani alikuambia ukweli mbele ya wateja wake ukamwita mwongo, kamsalimie na umwombe radhi. Na kuanzia leo soma uzito kwenye mfuko kabla hujasoma bei.

Sasa kuhusu nyongeza tatu za mshahara. Hapa nitakukaripia na usinune. Nyongeza zile hazikuwa ziada. Zilikuja, tena zikiwa zimechelewa, kufidia bei ambazo tayari zilikuwa zimepanda. Kilikuwa chakula chenu kile. Ilikuwa nauli ya mumeo. Wewe ukazikunja ukazifungia kwenye sanduku la bati, halafu ukauza cherehani inayokuletea riziki ili noti zisizofanya kazi yoyote zisisumbuliwe. Kwa hiyo pesa unayomtafutia wifi yako mfukoni iko chini ya kitanda chako, na umeihesabu Jumamosi.

Hata huko haiko salama. Unasema noti zote zipo, nakubali, lakini uwezo wake haupo. Miaka kumi iliyopita zingekuwa kiwanja kizima, leo ni njia ya kwenda kiwanjani, na ukizilaza miaka kumi mingine dalali atakuuzia jiwe la mpaka. Pesa ya uzee wa mtu ambaye nyumba yake ni ya mwajiri haikai kwenye bati. Wiki ijayo wewe na mumeo, wote wawili, mwende benki au chama cha akiba kilichosajiliwa, mwombe kuona usajili wenyewe na muulize faida ya mwaka ni kiasi gani, kisha mlinganishe na jinsi bei zilivyopanda mwaka huo. Ulizeni pia juu ya kiwanja kidogo zaidi, cha mbali zaidi, cha kulipa kwa awamu, na msitoe hata senti kabla hamjathibitisha hati ofisi ya ardhi. Kwa dalali uwe na shaka, hiyo shaka ina kazi yake. Na mtu yeyote akikuambia atakuzidishia pesa mara mbili kwa miezi mitatu, hata kama ameketi nawe benchi moja kanisani, huyo sasa ndiye wa kuwekewa alama ya penseli.

Bahasha zenu sisemi uzitupe. Ni njia nzuri na imewaweka nje ya madeni miaka yote hiyo, wengi wanaosoma ukurasa huu hawawezi kusema hivyo. Lakini siku ile mliinua juu namba, au mliinua familia? Kama roho inakusuta nenda kwa mwalimu wa semina umwulize, nitashangaa sana akikuambia Mungu aliahidi bei ya unga. Andika upya leo, na kwa penseli. Rudisha nyongeza kwenye chakula na nauli, acha kiasi cha uzee mnachoweza kukitoa bila mtu kulala njaa. Kila baada ya miezi sita kaeni mziangalie tena, mkiwa mmeshiba, msikae mkiwa na hasira.

Mapazia yako pia yamekaa kwenye bei ya zamani, na nyuzi hununui kwa bei ya zamani. Pandisha. Waliohamia kwenye yaliyoshonwa tayari hawatarudi wote, huko ndiko dunia inakoelekea na huwezi kuivuta koti. Lakini mapazia ya dukani hayajawahi kulingana na dirisha la mtu, mengine yanaburuzika chini, mengine yanaishia magotini. Bandika karatasi kwa Mzani: unapunguza, unaongeza, unatia pindo. Mteja anayaleta saa nne, saa sita anaondoka nayo.

Nimebakiza wifi kwa sababu ndiye niliyetaka uje kwake ukiwa umepoa.

Mimi sikuwepo jikoni kwako na siwezi kuapa. Lakini mafuta yamepanda kwenye chupa mara tisa, sukari imepanda, unga umekuwa mzito, na fundo limefungwa na mtu asiyejua kushona. Anapakua na kurudisha sufuriani ili binti yako apate. Mshahara wake hauonekani mwilini mwake. Na siku ya kwanza alitaka kuchangia wazi wazi, kaka yake akamrudishia kwa kidole na maneno makubwa ya kuvuliwa nguo. Mumeo nampongeza kwa kutembea, lakini kwa lile neno nampa makosa: alimfungia dada yake mlango wa mbele, kwa hiyo dada akawa anaingiza chakula kwa mlango wa nyuma, kidogo kidogo, asimwaibishe mtu. Wewe ukakaa na penseli ukimvizia. Alikwambia usimvizie panya, anaweza kufa kwa mshtuko. Nadhani alikuwa anakuomba, mama, na wewe ukasikia kukiri.

Kwa hiyo fanya hivi. Jumamosi mkae wawili jikoni, umwulize kwa upole, bila mafumbo, kama ni yeye anayeongeza. Kama nimekosea, niandikie nami nitakuomba radhi hapa hapa gazetini. Kama ni kweli, msihi akubali muongee na kaka yake, na kuanzia mwezi huu mchango wake uwe na bahasha yake ya nane, yenye jina lake, juu ya meza.

Na akikubali kwamba ni yeye, kikao usikivunje. Ukikivunja, ule uvumi ulioita nao watu utabaki umesimama mlangoni na kila mgeni atakayekuja ataukuta. Waache waje na waketi. Soma daftari lako kama ulivyopanga, ila anza na zile tarehe tisa za mafuta, moja baada ya nyingine, na kila tarehe useme ni nani aliyenunua. Kisha mwombe msamaha mbele ya wale wale uliowaita. Asipokujibu siku hiyo usimhimize, ana haki ya kuchelewa.

Ukianza kulia katikati, lia, lakini maliza kurasa zote.